Saratani ya tumbo ndani ya ukoo: utibu bakteria, upime vinasaba, upigwe kamera, au uondolewe mfuko wa chakula?

Mzazi akifa kwa saratani ya tumbo, akafuata baba mdogo, akafuata dada wa miaka 38, waliobaki hawahitaji kuambiwa kwamba kuna jambo. Wanachotafuta ni pa kuanzia. Na aliye Kongwa, Manyoni, Kondoa au hapa Dodoma mjini hatakosa washauri: mmoja atamwambia akapime bakteria wa tumbo aitwaye H. pylori, mwingine akapigwe kamera, mwingine kwamba siku hizi kuna kipimo cha DNA, na hatakosekana jamaa aliyesoma kwamba huko nje watu wazima kabisa, wasioumwa kitu, wanaondolewa mfuko wa chakula wote ili wajikinge. Hayo yote manne yapo kweli na kila moja lina kazi yake. Shida ni kwamba hayajibu swali moja, na mtu akianza na lisilomhusu anaweza kuuza ng'ombe wawili na bado asijue amesimama wapi.

Maswali ya kulinganishia

Kila njia nimeiuliza mambo yaleyale: inajibu swali gani, inapatikanaje kwa mtu wa Kanda ya Kati, inagharimu nini mfukoni na mwilini, inaweza kukudanganya wapi, na inamfaa nani. Bei sitaziandika. Zinabadilika, na bima hazifanani. Uliza dirishani kabla hujalala na njaa kwa ajili ya kipimo.

Kwanza karatasi

Kabla ya kuchagua lolote, itafuteni karatasi ya patholojia ya ndugu aliyeugua, yaani majibu ya kipande cha nyama kilichochunguzwa maabara. Mara nyingi imo kwenye ule mfuko wa makaratasi ya marehemu uliowekwa juu ya kabati na haujafunguliwa tangu matanga yaishe. Imeandikwa Kiingereza. Ukikuta maneno "diffuse" au "signet ring cell", hiyo ni aina ya saratani inayotawanyika, na ndiyo inayoweza kuwa na jeni ya kurithi nyuma yake. Ukikuta "intestinal", uzito wa mambo unahamia kwa bakteria, chumvi na sigara. Karatasi ikiwa imepotea, nendeni na namba ya faili hospitalini. Maabara za patholojia huhifadhi vipande vya nyama ndani ya nta kwa miaka, na kipande hicho kinaweza kusomwa upya.

Karatasi hiyo inasaidia pia kwa jambo jingine. Sisi tukisema "alikufa kwa tumbo" tunaweza kuwa tunasema ini, utumbo, kizazi au umio. Saratani ya umio ni nyingi Afrika Mashariki, na njia yake ni nyingine. Ini nalo lina habari yake: mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara waliugua na wengine wakafa kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na sumu hiyohiyo ikiliwa kidogokidogo kwa miaka huleta saratani ya ini. Ndugu watatu waliokula ghala moja wanaweza kuugua ini wote watatu bila jeni yoyote kuhusika.

Hata saratani ikithibitika kuwa ya mfuko wa chakula, jueni hesabu yake. Katika kila wagonjwa 100, kama 10 hutoka kwenye familia yenye mgonjwa mwingine, lakini waliorithi jeni inayojulikana kuleta ugonjwa huu ni kati ya 1 na 3 tu. Familia nyingi zinazoona ugonjwa ukijirudia zinarithishana nyumba, chungu na bakteria kuliko zinavyorithishana jeni.

Njia ya kwanza: kupima na kutibu H. pylori

*Inajibu nini.* Kama una bakteria anayeishi kwenye ukuta wa mfuko wa chakula na kuuchubua taratibu kwa miaka mingi. Barry Marshall na Robin Warren walimtambua Australia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mwaka 1994 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilimwingiza kwenye orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu. Wengi humpata utotoni, nyumbani, kwa kula na kunywa pamoja.

Kuna utafiti mmoja unaozihusu moja kwa moja familia kama hizi. Korea Kusini walichukua watu ambao mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wao alikuwa na saratani ya tumbo, na wao wenyewe wakiwa na bakteria. Nusu wakapewa dawa, nusu wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani, wakafuatiliwa kwa miaka kama tisa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: katika watu 832 waliopewa dawa waliugua 10, na katika 844 wasiopewa waliugua 23. Wale ambao bakteria aliondoka kweli walikingika zaidi. Kwa dozi ya wiki moja, hiyo ni faida kubwa.

*Upatikanaji na gharama.* Hii ndiyo rahisi kuliko zote. Kipimo kizuri ni cha choo au cha pumzi, na dozi ya kawaida ni antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14. Kichefuchefu kipo, na mdomo huwa na ladha ya chuma. Wengi huacha siku ya tano wakishasikia nafuu, na hapo ndipo bakteria sugu wanapotengenezwa.

*Inadanganya wapi.* Kipimo cha tone la damu ya kidole, kile cha maduka mengi ya dawa, kinatafuta askari wa mwili na si bakteria mwenyewe. Askari hao hubaki hata baada ya kupona, ndiyo maana utakutana na mtu ameshakunywa dozi nne na kila akipimwa "bado anao". Kwa kipimo cha choo, acha antibiotiki wiki nne kabla na omeprazo wiki mbili kabla, la sivyo kitasema huna wakati unaye. Ukimaliza dozi, subiri angalau wiki nne, halafu upime tena. Na ukoo ukiwa na jeni ya aina inayotawanyika, kumuua bakteria ni vizuri lakini hakuifuti hatari ile.

*Inamfaa nani.* Karibu kila mtu mwenye mzazi, ndugu au mtoto aliyepata saratani ya tumbo, awe na karatasi au asiwe nayo.

Njia ya pili: kipimo cha vinasaba

*Inajibu nini.* Kama ukoo umebeba jeni yenye kasoro, na kama wewe umo kati ya walioirithi. Inayojulikana zaidi inaitwa CDH1. Kazi yake ni kutengeneza protini inayozishikanisha seli kama udongo unavyoshika matofali. Protini ikikosekana, seli zinaachana na kupenya mojamoja chini ya ngozi ya ndani bila kutengeneza uvimbe wa kuonekana. Uhusiano wa jeni hii na saratani ya tumbo uligunduliwa mwaka 1998 kwa msaada wa ukoo wa Wamaori wa New Zealand uliokuwa umezika watu kama 25 ndani ya miaka 30, mmoja wao akiwa na miaka 14. Ukoo wenyewe ndio uliowafuata watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago. Sehemu hiyo ya habari naipenda: walikuwa wamechoka kuzika bila maelezo, wakaenda kuyatafuta.

Aliye na kasoro hiyo humpa kila mtoto nafasi ya nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume, na baba huirithisha sawasawa na mama. Kurithi si kuugua. Makadirio ya zamani yalisema wanaume 70 kati ya 100 na wanawake 56 kati ya 100 wangepata saratani ya tumbo wakifika miaka 80, lakini hesabu hizo zilitoka kwenye koo zilizochaguliwa kwa sababu zilikuwa zimeathirika mno. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2019, uliochukua familia za aina nyingi zaidi, ulipata kama 42 kwa wanaume na 33 kwa wanawake. Kwa wanawake kuna nyongeza: aina ya saratani ya matiti inayoitwa "lobular", nayo kwa kiwango kisicho kidogo.

Dalili za ukoo unaostahili kipimo hiki ni hizi: mtu aliyepata aina inayotawanyika kabla ya miaka 50; wagonjwa wawili wa saratani ya tumbo, angalau mmoja wa aina hiyo; aina hiyo kwa mmoja na saratani ya matiti ya "lobular" kwa mwingine; au aina hiyo kwenye familia yenye mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura. Hili la mwisho watu hawalitaji kwa daktari kwa sababu hawaoni linavyohusiana na tumbo. Litajeni.

*Upatikanaji na gharama.* Ni damu kidogo au mate. Kazi ipo kwenye kuipata maabara: kwa kawaida sampuli husafirishwa nje ya nchi na majibu huchukua wiki kadhaa. Mahali pa kuulizia ni kwa daktari bingwa wa saratani au wa mfumo wa chakula, Benjamin Mkapa hapa Dodoma, au Muhimbili na Ocean Road kule Dar es Salaam. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, kwenda Dar kuonana na bingwa si shughuli ya kulala njiani tena.

Kuna hofu nyingine isiyosemwa wazi. Watanzania wengi wakisikia DNA wanawaza Mkemia Mkuu na kesi za mtoto ni wa nani. Kuna wazee wamekataa kupimwa kwa hilo tu. Kipimo cha CDH1 kinasoma jeni moja ya mtu mmoja kutafuta kasoro, hakilinganishi baba na mtoto. Mwelezeni mzee hivyo kabla hamjamshika mkono kumpeleka.

*Inadanganya wapi.* Hapa naomba msome polepole. Anayepaswa kupimwa kwanza ni mgonjwa mwenyewe, si mzima. Mgonjwa akikutwa na kasoro, kila ndugu anaweza kutafutiwa kasoro ileile, na asiyekuwa nayo anarudi kwenye hatari ya kawaida na kulala usingizi. Lakini mzima akijipima peke yake, bila kujua ndugu yake alikuwa na nini, jibu la "hakuna kitu" halina nguvu: pengine ukoo una jeni nyingine isiyotafutwa, pengine haina jina bado. Jibu la tatu ni "badiliko lisiloeleweka". Waafrika hulipata zaidi kuliko Wazungu, kwa sababu kumbukumbu nyingi za vinasaba duniani zimejengwa kwa damu za Wazungu. Jibu hilo si ugonjwa, na mtu asikubali kupasuliwa kwa ajili yake.

Utafiti nao unaendelea kusogea. Mwaka 2023 Wajapani walionyesha kwamba mwenye kasoro kwenye jeni kama BRCA1, BRCA2, ATM au PALB2, akiwa na H. pylori pia, hatari yake ya saratani ya tumbo hadi miaka 85 hufika 45.5%, wakati mwenye bakteria bila kasoro ni 14.4%. Kwa hiyo jeni na bakteria wakati mwingine husaidiana, na ukoo wenye jeni una sababu ya ziada ya kumwondoa bakteria.

Faida moja ya kipimo hiki sijaiona ikiandikwa na wataalamu. Kwetu tumbo likiua watu watatu wa nyumba moja, hutafutwa aliyewalisha kitu, na mara nyingi kidole humwangukia mke aliyeolewa humo au shangazi mjane. Karatasi inayosema kasoro ilitoka kwa babu imeshamwondolea mtu lawama.

*Inamfaa nani.* Ukoo wenye dalili nilizotaja, hasa mgonjwa akiwa bado hai. Watoto wadogo hawapimwi; wanasubiriwa wafike umri wa kuamua wenyewe.

Njia ya tatu: endoskopi (kamera ya tumbo) ya mara kwa mara

*Inajibu nini.* Kama leo kuna kidonda, uvimbe au ukuta ulioanza kubadilika. Haisemi chochote kuhusu ulichorithi.

*Upatikanaji na gharama.* Hospitali ya Benjamin Mkapa, jirani na UDOM, wanafanya. Unafunga kula usiku, unapuliziwa dawa ya ganzi kooni, unalala ubavu, mrija unaingia kwa dakika chache. Inakera kuliko inavyouma. Mzigo wake ni kujirudia: nauli ya kutoka Mpwapwa, siku ya kazi iliyopotea, na kusubiri majibu ya patholojia, mwaka baada ya mwaka.

*Inadanganya wapi.* Kwa saratani inayoota uvimbe ni kipimo kizuri sana. Korea Kusini huwapima raia wao kuanzia miaka 40, kila baada ya miaka miwili. Kwa aina inayotawanyika, kamera inaweza kupita juu ya seli mbaya na kuona ukuta mzuri tu. Kwa hiyo mwenye CDH1 hapigwi kamera ya kawaida: daktari huangalia kila pembe kwa muda mrefu na kuchukua vinyama kama 30 kutoka sehemu mbalimbali. Ukipigwa kamera, ukachukuliwa vinyama viwili vya kutafuta bakteria, ukaambiwa "uko safi", umejibiwa swali la vidonda vya tumbo. Hakikisha fomu ya kipimo imeandikwa "historia ya saratani ya tumbo kwenye familia", maana anayeshika mrija huenda si yule uliyezungumza naye.

*Inamfaa nani.* Mwenye ndugu aliyepata aina ya "intestinal"; mwenye CDH1 ambaye hayuko tayari kupasuliwa au ameamua kusubiri; na yeyote, wa ukoo wowote, anayepungua uzito, anayetapika damu, mwenye choo cheusi kama lami, au ambaye chakula hakishuki. Mwenye dalili yoyote kati ya hizi asisubiri kupanga.

Njia ya nne: kuondoa mfuko wa chakula kabla ya saratani

*Inajibu nini.* Haijibu, inaondoa. Mfuko wote hutolewa na umio huunganishwa na utumbo mdogo. Miongozo ya kimataifa ya mwaka 2020 inapendekeza hivi kwa wenye CDH1 iliyothibitika kwenye koo zenye saratani ya tumbo, hasa kati ya miaka 20 na 30. Mifuko iliyotolewa kwa watu wasioumwa ikichunguzwa, mingi sana hukutwa na seli za saratani, ndogo mno. Lakini zipo zinazokaa hivyo kwa miaka bila kukua, na ndiyo maana baadhi ya watafiti wa Marekani sasa wanaona ufuatiliaji makini kwa kamera unaweza kumtosha mwenye CDH1 anayechagua hivyo.

*Upatikanaji na gharama.* Upasuaji wa kutoa mfuko wa chakula kwa waliokwisha kuugua unafanyika nchini. Kwa mzima, uliza waziwazi daktari anafanya mara ngapi kwa mwaka, na umtafute anayefanya mara nyingi. Swali hilo si utovu wa adabu. Baada yake maisha yanaendelea, ila kwa mtindo mwingine. Ile sahani ya ugali wa uwele na mlenda inagawanywa mara sita kwa siku, tonge dogo, kutafuna sana. Soda au chai ya sukari nyingi ikishuka kwa mpigo, jasho linatoka na moyo unakimbia. Uzito hupungua, mara nyingi kwa sehemu ya kumi hadi ya tano ya mwili. Sindano ya vitamini B12 ni ya maisha yote, kwa hiyo ulizia mapema kama zahanati ya kijijini kwako inayo au utaifuata mjini. Kwa mtu anayelima kwa jembe la mkono, mwaka wa kwanza ahesabu kwamba shamba litalimwa na wengine. Mwanamke anaweza kushika mimba na kujifungua baadaye, chini ya uangalizi.

*Inadanganya wapi.* Haikingi matiti. Mwanamke mwenye CDH1 bado anahitaji MRI ya matiti kila mwaka kuanzia miaka 30.

*Inamfaa nani.* Aliyethibitika kwa kipimo, mtu mzima, aliyeelezwa akaelewa, mwenye nyumba ya kumlisha na kumsubiri apone. Haimfai mtu kwa woga tu.

Kulingana na hali yako

Mgonjwa bado yuko wodini. Wiki hiihii muombeni daktari mambo mawili: nakala ya patholojia, na kama dalili zipo, sampuli ya damu yake kwa ajili ya vinasaba. Gharama ikiwa kubwa, ulizeni kama damu inaweza kuchukuliwa na kuhifadhiwa.

Karatasi inasema aina inayotawanyika, na aliyeugua alikuwa kijana au wako zaidi ya mmoja, lakini wote wamefariki. Omba nyama iliyo kwenye nta isomwe tena, umwone bingwa, na aanze kupimwa ndugu ambaye ukoo unaonyesha yuko karibu zaidi na wagonjwa. Jibu la "hakuna kitu" lipokee kwa tahadhari, uendelee na kamera.

Umeshajulikana una CDH1. Usiamue kwenye chumba ulichopewa majibu. Kijana wa miaka 24 na mama wa miaka 58 hawapimi mambo kwa mzani mmoja: wa kwanza ana miaka mingi ya hatari mbele yake, wa pili amekwisha kupita mingi bila kuugua. Kamera makini kila mwaka ni uamuzi halali, mradi ifanywe kweli. Asiyeweza kuhudhuria kila mwaka ana sababu zaidi ya kuufikiria upasuaji.

Karatasi inasema "intestinal". Weka fedha kwenye H. pylori kwa wote wanaokula nyumba moja, kisha kamera kwa watu wazima. Baadhi ya miongozo husema ianze miaka kumi kabla ya umri aliougua ndugu yenu. Sigara iachwe, na samaki wa chumvi apungue mezani.

Ndugu mmoja anataka kujua, mwingine hataki. Anayetaka aende. Asiyetaka asilazimishwe wala asitangaziwe kwenye kikao cha ukoo, ila ajue jibu lipo na nani analo.

Hamna karatasi, hamna mgonjwa aliye hai, na fedha iliyopo ni ya kitu kimoja. Pima choo kutafuta H. pylori, maliza dozi, pima tena kuthibitisha. Wakati mnajikusanya kwa ajili ya kamera ya kwanza, kaeni na bibi au shangazi mkubwa mwandike nani aliugua nini, akiwa na umri gani na alitibiwa hospitali gani, upande wa baba na wa mama. Daftari hilo ndilo litakalotangulia kufunguliwa mbele ya bingwa.